Amplifaya ndogo ya tatu imenifia ndani ya miaka miwili. Mchawi nani?

#1 KiberitiNgoma

Wakuu habari za jioni.

Naomba msaada kabla sijatupa hela mara ya nne. Nina spika mbili za mbao za omu 4, urithi wa mjomba, zinapiga vizuri mno. Mwaka juzi nikaamua kuachana na amplifaya kubwa lililokuwa linakula nusu ya meza, nikahamia kwenye hivi vidogo vya kisasa, saizi ya mche wa sabuni, vina Bluetooth na adapta ya pembeni kama ya laptop.

Ya kwanza ilidumu miezi minne. Ilianza kukata: inapiga, inanyamaza sekunde mbili tatu, inarudi yenyewe. Baadaye upande wa kulia ukafa kabisa.

Ya pili ni aina nyingine na duka jingine. Ilienda karibu mwaka. Ikaanza kuunguruma, besi ikigonga taa ya mbele inafifia, mwisho ikagoma kuwaka.

Ya tatu ndiyo imeniuma. Adapta yake ilikufa, fundi wa mtaani akaniundia pawa saplai ya transfoma, akaniambia hii utawaachia wajukuu. Jumamosi nimeiwasha, imepiga dakika kumi hivi, nikasikia tsss, halafu harufu na kamoshi kembamba. Wajukuu watanisamehe.

Kuna kitu kimoja kinanichanganya. Ile ya kwanza, redio ilikuwa inacheza kutwa nzima, taarifa ya habari, mpira, magazeti, haikati. Nikiweka muziki wa kwenye simu tu, hiyo inaanza kukata. Nilidhani ni Bluetooth, nikatumia waya, ikawa vilevile.

Niseme tu kwamba hizi mashine ni takataka nirudi kwenye dude langu kubwa, au kuna kitu nakosea?

#2 TwigaMfupi

Nimeshavuta kigoda. FundiMtaimbo popote ulipo unaitwa huku.

#3 MzeeWaKaseti

Kijana, amplifaya ambayo ukiibeba mgongo haukuumi hiyo siyo amplifaya. Mimi ya kwangu nimeinunua 1988, ya Kijapani, kilo kumi na moja, mpaka leo ipo na inapiga. Mnadanganywa na vibati.

#4 Duka_la_Sauti

Mkuu pole. Tatizo ulinunua zenye wati ndogo ukazilazimisha. Mimi ninazo zenye wati 300 kwa 300, original, warranty wiki mbili. Njoo PM nikupe bei ya wana jukwaa.

#5 TwigaMfupi

Warranty ya wiki mbili mkuu, hata mkate wa boflo unaishi zaidi ukiwekwa kwenye friji.

#6 FundiMtaimbo

Nimefika, nilikuwa site.

KiberitiNgoma, umeandika vizuri kuliko wateja wangu wengi, wao huwa wanasema "imezima tu fundi". Ukisoma tena ulichoandika utaona hizo mashine tatu hazikufa ugonjwa mmoja. Moja ilikuwa inajilinda, moja ilizeeka, moja umeinyonga. Kwa hiyo usitafute mchawi mmoja.

Kabla sijasema kitu naomba majibu:

Nyaya za kwenda kwenye spika umezipitisha vipi? Usiniambie "kawaida", niambie waya gani, rangi gani imeenda wapi.

Mashine ilikuwa inakaa wapi? Juu ya meza, ndani ya kabati, nyuma ya TV?

Hiyo transfoma imeandikwa volti ngapi? Kama unayo mita, pima zile volti zinazotoka kwenye saplai bila kuchomeka kitu chochote.

Na hiyo ya pili ifungue, skrubu nne tu. Angalia vile vipipa vidogo, kapasita, utuambie vichwa vyake viko bapa au vimevimba, na ubavuni vimeandikwa nini.

Duka_la_Sauti, na wewe nina swali lako. Hiyo ya wati 300 kwa 300 inakuja na adapta gani?

#7 Duka_la_Sauti

Adapta ya 19V 3.42A. Original.

#8 FundiMtaimbo

19 mara 3.42 ni 65. Adapta nzima ina wati 65, na hizo ndizo zote zinazoingia kwenye mashine. Sasa 600 zinatoka wapi bosi, unachota kisimani?

Naliweka wazi kwa wote maana ndiko mambo mengi yanakoanzia. Ndani ya mashine nyingi za aina hii kuna chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments au ndugu zake. Chipu nzuri kabisa, mimi sina ugomvi nayo. Karatasi ya kiwanda inasema wati 50 kila upande, kwenye spika za omu 4, ukiilisha volti 21, na hapo sauti imeshachafuka kwa asilimia 10. Kwa volti 19 na spika za omu 8 usitegemee hata 23 kila upande. Wati 23 safi zinatosha sebule kabisa, watu hawaamini tu. Shida inakuja mtu akisoma 300 kwenye boksi, anazungusha kitufe mpaka mwisho akizitafuta. Hazipo. Anachopata ni sauti iliyokatwa vichwa, adapta inayotokota na twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, zinazoungua.

#9 Duka_la_Sauti

Hizo ni wati za boksi mkuu, kila mtu anajua. Hata gari linaandikwa kilomita 220 kwenye dashibodi na hakuna anayezifika.

#10 TwigaMfupi

Hahaha amekiri. Uzi uendelee.

#11 KiberitiNgoma

Fundi nimefanya kama ulivyosema, nimekaa nazo usiku mzima, mama watoto kaniuliza kama nimefungua karakana.

Nyaya: spika zipo juu ukutani, upande wa pili wa sebule. Wakati wa kufunga umeme wa nyumba ulibaki waya wa nyaya tatu, nyekundu, nyeusi na kijani. Fundi akaupitisha juu ya silingibodi. Nyekundu chanya ya kulia, nyeusi chanya ya kushoto, kijani hasi ya zote mbili. Akasema hasi ni hasi tu, kwa nini uharibu waya.

Mahali: ya kwanza na ya pili zilikaa ndani ya kabati la TV, lile lenye mlango wa kioo, pamoja na kingamuzi. Mlango unafungwa kwa sababu ya mtoto.

Transfoma imeandikwa 24V. Lakini mita inasoma 34 na ushee kwenye kutoka. Nimepima mara tatu nikidhani mita mbovu.

Ya pili nimeifungua. Kapasita kubwa zipo mbili, zote zimevimba kichwani kama mandazi, moja imetoa kitu cha kahawia chini. Zimeandikwa 25V 1000uF. Adapta yake ilikuwa ya 24V.

#12 FundiMtaimbo

Basi maiti zote tatu zimeshazungumza. Naanza na ya kwanza maana ndiyo yenye somo ambalo mafundi wenzangu wengi hawalijui, na nyumba nyingi zimefungwa hivyohivyo.

Kwenye amplifaya la MzeeWaKaseti, tundu jeusi la kulia na tundu jeusi la kushoto mara nyingi ni kitu kimoja, yote yamefungwa kwenye bodi ya chuma, yaani sifuri. Umeme unafanya kazi upande mwekundu tu. Ukiunganisha hasi zote kwenye waya mmoja hakuna kitakachoharibika. Fundi wako amekulia huko na amefunga nyumba mia kwa mtindo huo, zikapiga. Kwa mashine zile alikuwa sahihi.

Hizi ndogo haziko hivyo. Kwa kuwa volti ni chache, chipu inasukuma spika kutoka pande zote mbili: chanya ikipanda, hasi inashuka. Yaani hiyo unayoiita hasi nayo ni injini. Hasi ya kulia inacheza wimbo wa kulia na hasi ya kushoto inacheza wimbo wa kushoto. Ukizifunga pamoja kwenye waya wa kijani umewafunga kamba shingoni ng'ombe wawili wanaovuta jembe tofauti.

Sasa rudi kwenye kile kilichokuchanganya. Mtangazaji anasikika sawasawa kulia na kushoto. Ng'ombe wote wanaenda upande mmoja, kamba haikazwi, mashine haioni tatizo. Muziki wa kwenye simu una gitaa kushoto, kinanda kulia, hapo kila injini inataka kwenda kwake na umeme unapita kwenye waya wa kijani kutoka upande mmoja wa chipu kwenda upande mwingine bila kupitia spika. Chipu inaona shoti, inajizima, inapumua, inawaka tena. Hizo ndizo sekunde zako mbili tatu. Imevumilia miezi minne hivyo, ndani ya kabati lililofungwa. Mimi naiita shujaa.

#13 Mdau_Luthuli

Niko Nairobi, nimekuwa nikiuza na kurekebisha hizi vitu karibu na Luthuli miaka kadhaa. Fundi naheshimu maneno yako lakini kuna maelezo mengine rahisi zaidi. Redio ya mazungumzo haina besi. Muziki uko na besi, na besi ndiyo inakula ampea. Adapta dhaifu ikizidiwa inajizima, inajaribu tena, inajizima. Dalili ni zilezile kabisa. Mimi nimeona nyingi sana za namna hiyo, na dawa ilikuwa kubadilisha adapta, si kubomoa siling ya mtu.

#14 FundiMtaimbo

Umesema kweli na nisingebisha. Kwa dalili hiyo peke yake huwezi kujua ni adapta au nyaya. Ila kuna jaribio la bure linalowatenganisha.

Ndani ya simu, kwenye mipangilio ya ufikivu, kuna mahali pa kuchagua sauti ya mono, yaani kulia na kushoto zinapiga kitu kilekile. Chukua wimbo mmoja unaokatisha mashine. Upige kwa sauti ileile, kwanza kawaida, halafu mono. Besi ni ileile, ampea zinazoliwa na spika ni karibu zilezile. Ikiendelea kukata kwenye mono, Mdau ameshinda, badilisha adapta. Ikiacha kukata, ni kamba ya ng'ombe.

#15 Mdau_Luthuli

Hiyo ni fair. Nimeipenda, sikuwahi kuifikiria. Ngoja tuone.

#16 KiberitiNgoma

Nitaijaribu na nini fundi, zote marehemu. Jirani anayo moja, nimuazime?

#17 FundiMtaimbo

USIMUAZIME JIRANI. Nenda Kariakoo ukanunue bodi tupu ya TPA3116, haina hata kasha. Ikifa hakuna kesi. Kama una laptop ya zamani yenye adapta ya 19V, hiyo adapta itailisha.

Na ukishaipata, kabla hujafunga spika, pima na mita kwenye upande wa DC. Weka ncha moja kwenye chanya ya spika na nyingine kwenye hasi ya spika hiyohiyo: iwe karibu na sifuri. Halafu weka ncha nyeusi kwenye hasi ya adapta na nyekundu kwenye tundu lolote la spika: utaona nusu ya volti za adapta, kama 9 na nusu. Hiyo ni kawaida, usishtuke, na ndiyo ushahidi kwamba tundu jeusi si sifuri. Lakini ukiona volti nyingi kati ya chanya na hasi ya spika moja, chipu imeshaungana ndani, na ukifunga spika za mjomba hapo unazichoma koili ndani ya dakika.

#18 Bi_Saluni

Jamani na mimi nisaidieni, naona huu uzi unanihusu. Nina saluni, kamashine kangu kanapiga kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku kila siku. Ni cha pili sasa. Cha kwanza kilidumu mwaka na nusu hivi, kikaanza kuunguruma kama cha KiberitiNgoma. Kipo kwenye kirafu chini ya kioo, karibu na drai. Nyaya zangu ni nne, nimehesabu.

#19 FundiMtaimbo

Dada yangu, hongera kwa nyaya nne. Wewe ugonjwa wako ni ule wa mashine ya pili ya mwenzako, uzee wa kapasita.

Kapasita ile ndani ina maji ya dawa, na joto linayakausha. Ubavuni zinaandikwa 85 au 105, hizo ni nyuzi joto za juu kabisa inazoruhusiwa, na kiwanda kinaahidi saa kadhaa kwenye joto hilo. Tuchukue ya kawaida, saa 2000 kwenye nyuzi 105. Hesabu tunayotumia mafundi ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10 umri unazidishwa mara mbili. Kwenye nyuzi 85 unapata saa 8000. Wewe unapiga saa 12 kwa siku, gawanya, ni siku 666, mwaka mmoja na miezi kumi. Umekaribia kabisa ulichoona. Hiyohiyo ukiishusha mpaka nyuzi 65 zinakuwa saa 32,000, yaani zaidi ya miaka saba kwa kazi yako.

Tofauti ya mwaka mmoja na nusu na miaka saba inaweza kuwa ni kirafu tu. Kitoe karibu na drai, kiweke juu mahali penye hewa, usikibandike na kitu kingine juu yake. Na kila mwezi kipulize, vinywele na poda vinajaa kwenye matundu.

Ya KiberitiNgoma ilikuwa na dhambi ya ziada. Kapasita ya volti 25 kwenye adapta ya volti 24 ni kama kumvisha mtu mzima shati la mtoto wa darasa la saba. Linaingia, lakini akipumua vifungo vinaruka. Waliotengeneza wamebana senti. Weka za volti 35, 105, na muuzaji akuonyeshe zile za kazi ya pawa saplai, si za redio ya mkulima. Pima urefu kabla, nyingine hazitoshi kwenye kasha. Hiyo mashine itafufuka, nina uhakika mkubwa.

#20 Bi_Saluni

Asante sana fundi, Mungu akuzidishie. Nimeshakihamisha. Kimekaa juu ya friji ya soda.

#21 FundiMtaimbo

Siyo juu ya friji dada, huko nako kuna joto na mtetemo. Ukutani.

#22 PwaniYaTanga

Huku kwetu joto si kitu, adui ni hewa ya bahari. Vile vibano vya kubonyeza vya nyaya za spika baada ya mwaka vinaota kijani, spika inakuja na kuondoka. Mimi nimeacha kuviamini. Nyaya nazifuta, nazikata ncha upya kila msimu, na vibano vya plastiki nimeviondoa nikaweka vya skrubu. Pia sisimizi. Nilifungua moja nikakuta wamehamia na mayai yao kabisa, palikuwa na joto zuri.

#23 MzeeWaKaseti

Naona mnazunguka tu. Yangu ya 1988 haijui kabati wala sisimizi.

#24 FundiMtaimbo

Shikamoo mzee wangu. Yako naiheshimu, lakini tuseme ukweli wote. Imebadilishwa nini tangu 1988?

#25 MzeeWaKaseti

Marahaba. Imebadilishwa STK, ile chipu kubwa ya kusukuma sauti, mara mbili, ya pili ilikuwa feki ikaungua siku hiyohiyo kwa hiyo mara tatu. Na relei. Na ile transfoma ilisukwa upya mwaka 2009. Na kitufe cha sauti kinakwaruza lakini ukikizungusha haraka kinatulia.

#26 TwigaMfupi

Mzee hilo ni amplifaya la 1988 au ni kasha la 1988?

#27 MzeeWaKaseti

Kasha ndiyo kitu cha muhimu.

#28 FundiMtaimbo

Mzee ametoa jibu bila kukusudia. Ile yake imeharibika mara nyingi kuliko hizi ndogo, ila kila ikiharibika kuna fundi wa kuitengeneza na kuna nafasi ya kuingiza mkono. Hizi ndogo chipu imelazwa kwenye bodi, miguu yake ukiiangalia bila miwani unaona mstari tu, na bei ya kazi inaikaribia bei ya mashine mpya. Ndiyo maana mtu anasema "hazidumu". Hazitengenezwi, kitu tofauti kidogo.

Sasa maiti ya tatu, nisisahau. Transfoma ya 24V inatoa 24 za AC. Ukizipitisha kwenye dayodi nne na kapasita unapata kilele chake, 24 mara 1.41, karibu 34, utoe moja na ushee ya dayodi. Na transfoma isipobebeshwa mzigo huwa inazidisha, umeme wa ukutani ukipanda usiku nayo inapanda nao, haina wa kuizuia. Chipu ya TPA3116 mwisho wake wa kazi ni volti 26, na 30 ndiyo ukuta. Fundi wako aliona 24 kwenye adapta iliyokufa, akatafuta transfoma ya 24. Tena ni uzoefu wa mashine kubwa: kule kuna nafasi ya makosa, huku hakuna. Kwa transfoma ungehitaji ya 15, ambayo inatoa 20 na kidogo. Lakini kwa nini uhangaike, adapta ya laptop yenye afya ya 19V 4.74A, wati 90, ndiyo chakula bora cha mashine hizi. Inadhibiti volti zake yenyewe hata umeme wa ukutani ukiyumba.

Hiyo ya tatu usiifufue. Ng'oa hitisinki (kile kibati cha kupooza chipu), koili na kasha, zingine weka kwenye kopo.

#29 Mdau_Luthuli

Kwa stima inayoyumba mimi huweka fridge guard kwa adapta. Inakatisha ikipanda au kushuka sana, na stima ikirudi inangoja dakika chache kabla ya kuruhusu. Ile sekunde ya kurudi ndiyo huua adapta nyingi. Wateja wangu huniuliza "kwani hii ni friji?" Nawaambia ndiyo, ni friji ya muziki.

#30 Duka_la_Sauti

Fridge guard ninazo pia. PM.

#31 KiberitiNgoma

Wakuu nimerudi. Kariakoo jua kali, ila bodi nimepata. Muuzaji alitaka kunipa ambayo maandishi ya chipu yamesuguliwa, nikakataa, nikachukua inayosomeka.

Nimepima kama fundi alivyosema. Kati ya chanya na hasi ya spika: volti 0.02. Kutoka hasi ya adapta mpaka kila tundu la spika: 9.6, 9.5, 9.6, 9.6. Niliduwaa, kumbe kweli nyeusi si sifuri.

Nikafunga nyaya zilezile tatu. Wimbo wa dansi wa zamani, magitaa mawili, moja kila upande. Kitufe nusu. Sekunde kama ishirini, kimya. Ikarudi. Kimya. Mama watoto akasema "imeanza tena".

Nikaweka mono. Wimbo uleule, kitufe hapohapo. Umeisha wote. Nikaurudia, nikaongeza sauti kidogo. Hakuna kukata. Nikarudisha kawaida, kimya ndani ya nusu dakika. Nimerudia mara nne nikimwonyesha na shemeji.

#32 Mdau_Luthuli

Nimeinua mikono. Kesho naanza kuuliza wateja wangu kuhusu nyaya. Kuna mzee mmoja nimemuuzia adapta tatu, sasa naogopa kukutana naye.

#33 FundiMtaimbo

Mzee huyo mpigie wewe, usingoje.

KiberitiNgoma, usiendelee kurudia, umeshathibitisha, ionee huruma. Pitisha waya wa pili. Nyaya nne, kila spika na mbili zake, zisigusane popote kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na kama kuna siku mtu atataka kukufungia kifaa kingine kwa kuchukua waya wa spika na kuuingiza kwenye ardhi ya TV au ya sabufa, mzuie mlangoni. Ni kosa lilelile limevaa shati jingine.

#34 TwigaMfupi

Mods naomba huu uzi ubandikwe juu.

#35 KiberitiNgoma

Mrejesho, wiki tano baadaye, kwa wale wanaochukia nyuzi zinazoachwa hewani.

Siling imefunguliwa sehemu mbili tu, waya wa pili umepita. Yule fundi wangu wa nyumba ndiye aliyeifanya kazi, nikamwonyesha zile 9.6 kwenye mita. Alinyamaza kidogo, akachukua simu akampigia mtu: "Mzee ile redio ya kule kwako bado inakata?"

Ya pili imefufuka. Kapasita za 35V zilikuwa ndefu, nimezilaza ubavu na gundi kidogo. Haiungurumi tena, nimeilisha adapta ya laptop badala ya ile ya 24. Ipo juu ya kabati, si ndani. Baada ya saa tatu za kupiga ukiigusa ni vuguvugu tu, kule ndani ilikuwa haishikiki.

Bodi ya majaribio shemeji kaichukua kwa nguvu.

#36 MzeeWaKaseti

Vizuri. Lakini haijafika 1988.

#37 Mpenda_Kwaya

Wakuu samahani kuingilia, nimesoma uzi wote. Yangu haikati wala haizimi, ila nikichomeka chaja ya simu huku nasikiliza kwa waya inalia kama nyuki. Tatizo nini?

#38 FundiMtaimbo

Chomoa chaja, nyuki wanaondoka?

#39 Mpenda_Kwaya

Wanaondoka.

#40 FundiMtaimbo

Basi mashine yako nzima. Fungua uzi wako, uandike chaja na adapta vimechomekwa soketi gani, nakuja.